Mtoto aliyekimbia vita Cabo Delgado yuko darasani kwangu Bagamoyo, naombeni msaada

MwalimuWaDunda

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, nafundisha la tatu, huu mwaka wa kumi na moja niko kazini na sijawahi kukwama kama nilivyokwama mwezi huu ndo maana nimekuja humu, mwenye kujua anitoe tongotongo.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, kabeba mfuko wa salfeti ndani una daftari moja na sketi. Wametoka Msumbiji, Cabo Delgado, upande wa Palma. Kwao kulivamiwa Machi 2021, tangu hapo wakawa watu wa kijiji hiki mwezi mmoja kile miezi miwili, mpaka wakavuka Ruvuma wakaingia Mtwara na kutoka Mtwara wakaja hapa kwa ndugu yao mchonga vinyago. Mama wa mtoto walipoteana njiani, hilo bibi alinieleza pembeni ili mtoto asisikie. Jina lake silitaji na shule siitaji, mtanielewa.

Mtoto ana miaka 12. Anaongea Kimwani, nusu tunaelewana maana hakiko mbali na Kiswahili chetu, nusu nakisia. Kireno anakisoma kwa kusitasita. Hesabu anawashinda wenzie wote, na namba saba anaikata mstari katikati, siku ya kwanza wakamcheka kwamba kakosea, nikawaambia hapana, ndivyo alivyofundishwa kwao, na toka siku hiyo mimi pia ubaoni saba yangu naiandika na mstari wake.

Sasa shida. Hana cheti cha kuzaliwa, hana barua ya uhamisho, hana karatasi yoyote. Mkuu wangu ni mtu mwema ila kaniambia mtoto akae tu darasani kwa muda, jina lisiingie kwenye rejista mpaka neno litoke juu, anaogopa kuja kuulizwa. Na bila namba ya PReM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi kwenye mitihani ya taifa, huyu mtoto hata akifika darasa la mwisho mtihani hafanyi. Bibi naye hataki kusikia habari ya kwenda ofisi yoyote, anasema wakijulikana watapelekwa kambini.

Ila kinachoninyima usingizi hasa ni kitu kingine. Wiki mbili zilizopita mgambo walikuwa wanafanya mafunzo asubuhi kwenye kiwanja chetu, kwata, magwanda, nyimbo. Kwetu ni jambo la kawaida, watoto huwa wanachungulia dirishani wanawaigiza. Yeye nikamkosa. Tulimtafuta mpaka vyooni, tukaja kumkuta stoo nyuma ya madawati mabovu, kajikunja, kajikojolea, daftari kalikumbatia kifuani. Hakulia. Afadhali angelia.

Aliporudishwa nyumbani wenzie wakaanza kuniuliza, nikawaambia kwa kifupi tu kwao kuna vita na shule yake ilichomwa. Mtoto mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwalimu, kwani shule yao ilikuwa na bunduki?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa kwa nini wakaichoma?" Sikuwa na jibu. Nikawaambia tufungue ukurasa wa arobaini na mbili.

Kwa hiyo naomba mnisaidie, je kuna sheria yoyote inayosema shule isiguswe vitani, au ni maneno ya kwenye mikutano tu? Na huyu mtoto nifanye nini ili awe mwanafunzi kama wanafunzi wengine, sio mgeni wa darasani?

---

BintiNgamiani

Mwalimu pole sana na Mungu akuzidishie. Mimi niko Tanga mjini, nafanya kazi ya msaada wa kisheria, kesi zangu nyingi ni matunzo ya watoto kwa hiyo hapa nina la kusema.

Nianze na rejista maana hiyo ndo ya haraka. Mwambie mkuu wako asiogope kuandika, aogope kutokuandika. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 5 inakataza kumbagua mtoto, imetaja jinsia, dini, lugha, ulemavu na mengine, na humo humo imetaja mtoto kuwa mkimbizi. Haikuacha ujiongeze, imetaja. Halafu Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inasema mtoto mkimbizi ana haki ya elimu ya msingi kwa mujibu wa sheria yetu ya elimu. Na Tanzania tuliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1991, kifungu cha 28 ndo cha elimu, hakuna mahali kimeandikwa elimu ni ya mtoto mwenye cheti.

Kuhusu bibi kuogopa kambi sitakudanganya, utaratibu wetu ni kwamba wakimbizi wanajitambulisha na kupangiwa pa kukaa, kwa hiyo hofu yake haijatoka hewani. Ila kujificha kunamwumiza mtoto zaidi, maana siku akiugua, siku mama yake akipatikana huko na anatafutwa, hakuna karatasi hata moja inayomtaja. Usiende polisi, usianze huko. Nenda na bibi kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, muende na yule ndugu mchonga vinyago kama ana kitambulisho chake cha huku, mumweleze kwamba mtoto alipotezana na mama. Ustawi ndo wenye kazi ya mtoto aliyetengana na wazazi. Waombe wakupe barua, hiyo barua ndo mkuu wako ataiweka kwenye faili akajiona yuko salama.

Sasa swali la mwanafunzi wako, limenikaa kichwani tangu nilivyolisoma. Sheria ipo. Shule ni mali ya raia, na Mkataba wa Roma wa 1998 ulioanzisha ile mahakama ya The Hague, ICC, unasema kushambulia kwa makusudi jengo la elimu ni uhalifu wa kivita, iwe vita ya nchi na nchi au ya wenyewe kwa wenyewe, mradi jengo hilo halijageuzwa kuwa lengo la kijeshi. Shika hayo maneno ya mwisho mwalimu, mradi halijageuzwa. Mtoto wako wa mbele ameuliza kitu hicho hicho kilichoandikwa kwenye mkataba, shule ilikuwa na bunduki au haikuwa nayo. Na itifaki ya pili ya Geneva ya 1977, ambayo ni ya vita vya ndani, inasema watoto wapewe elimu hata vita ikiendelea. Yaani vita sio likizo.

---

Mkwaju_Magomeni

Na mimi niko hapa hapa Bagamoyo. Mwalimu Mungu akubariki ila dada wa Tanga samahani, hizi sheria mi naziona ni karatasi. Garissa pale Kenya, 2 Aprili 2015, watu 148 wameuawa chuoni, wengi wanafunzi, mkataba ulikuwepo. Chibok kule Nigeria 2014 mabinti 276 wamebebwa bwenini usiku, mkataba ulikuwepo. Sudan toka Aprili 2023 watoto kwa mamilioni hawajakanyaga darasa na mikataba ipo. Anayechoma shule hasomi kifungu. Nina binti yangu yuko la nne, nikisoma hii stori ya stoo nashindwa kuelewa mtu mzima anakaa kwenye meza anaandika azimio halafu analala usingizi.

---

Sajenti_Handeni

Kijana wa Magomeni hasira yako naielewa, nilikuwa nayo na mimi. Nijitambulishe, ni mwanajeshi mstaafu, niliwahi kwenda Kongo Mashariki na kikosi chetu baada ya 2013 pale Umoja wa Mataifa ulipounda ile brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Niruhusu nieleze kitu ambacho raia wengi hawakijui, kwa nini majeshi yanapenda shule.

Usifikiri mara zote mtu anakuja pale kwa sababu anachukia elimu. Wapo wanaoichukia, wale Boko Haram wa Chibok waliichukia kweli kweli na jina lao limebeba chuki hiyo. Lakini kamanda wa kawaida, wa serikali au wa waasi, akifika kijijini usiku na watu sitini wenye njaa na mvua inanyesha anaangalia nini? Anaangalia ukuta wa tofali, paa la bati, tenki la maji, vyoo, uwanja wa kupaki magari. Kijijini kitu chenye hivyo vyote ni kimoja tu. Tena shule nyingi zimejengwa kwenye mwinuko au njiapanda, unaona barabara yote. Basi anaingia. Usiku wa kwanza wanalala, wa pili wanatoboa ukuta wa kuchungulia, wa tatu madawati yanakuwa kuni. Nimeyaona kwa macho yangu mabaki yake, miguu ya chuma ya madawati imelala kwenye majivu.

Na hapo ndo ubaya unapoanza, kwa sababu adui wake sasa ana sababu ya kuipiga. Bunduki moja ikiingia darasani jengo lile limeshatoka kwenye ulinzi kwa muda huo, na anayepiga hana uhakika kama watoto wamo au hawamo. Kwa hiyo vita ya kulinda shule inaanza kwa mwanajeshi kukatazwa kulala darasani, kabla hata ya kumkataza adui kulipua. Hilo halikuwa wazi miaka ya nyuma. Mwaka 2012 mwongozo wa vikosi vya miguu vya Umoja wa Mataifa uliandika moja kwa moja kwamba shule zisitumike na jeshi kwenye operesheni zake, na sisi tuliambiwa hivyo. Halafu Mei 2015 kule Oslo, Norway na Argentina wakalisukuma Azimio la Shule Salama, leo nchi zaidi ya 100 zimeliunga mkono, Msumbiji imo, Kongo imo. Linakwenda na miongozo yake, inasema shule inayofanya kazi isitumike hata jioni, hata wikiendi, hata likizo. Hata iliyokimbiwa isiguswe ila pale ambapo hakuna namna nyingine, na ukitoka usiache alama wala mabomu, uirudishe kama ilivyokuwa. Na jambo ambalo raia wengi linawashangaza, inasema wanajeshi wasiwekwe kulinda shule kama kuna njia nyingine, maana ukiweka askari getini umemwonyesha adui pa kulenga.

Kijana unasema ni karatasi. Ndiyo ni karatasi. Lakini mimi ni mtu niliyepokea amri maisha yangu yote, na amri pia ni karatasi. Karatasi ikishuka kutoka makao makuu ikafika kwa luteni wa miaka ishirini na sita mwenye watu wake wamelowa, ikamwambia hapo usilale, kajenge mahema, basi inafanya kazi. Isiposhuka ndo inabaki mezani. Thomas Lubanga aliyewatumia watoto chini ya miaka 15 vitani kule Ituri, Kongo, alihukumiwa na ICC mwaka 2012, miaka 14 jela, na makamanda wa misituni walilisikia lile jina redioni. Haitoshi. Lakini walilisikia.

Mwalimu, kuhusu mgambo wako. Kwetu hakuna vita kwa hiyo hawajavunja sheria, ni viwanja vya wananchi. Ila nenda kwa mtendaji wa kata mwombe akuunganishe na mshauri wa mgambo wa wilaya, mweleze kiaskari, afande nina mtoto ametoka vitani, gwanda linamwumiza, naomba kiwanja kingine au saa nyingine. Atakuelewa, wengi wetu tumewaona hao watoto.

---

MwalimuWaDunda

Sajenti shikamoo na asante. Nimesoma maneno yako nikayarudia. Kesho nitamwuliza bibi kitu, nitarudi.

BintiNgamiani hiyo ya kifungu cha 5 nimemwonyesha mkuu kwenye simu yangu mchana, amenyamaza kidogo akasema nimletee barua ya ustawi na yeye ataandika. Nashukuru sana dada.

---

MsalabaMkuu_Muheza

Naongeza kidogo. Wote mmesema majengo, mimi nasema walimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa anasimulia alichosikia kwa wakubwa zake, vita ya 1914 ilipoanza Wajerumani waliwashuku walimu wa misheni ya Waingereza huku kwetu Magila, wakawakamata na kuwapeleka Tabora wakafungwa huko. Majengo yaliachwa, ya mawe, mazuri. Shule zikafa. Miaka ile watoto wa huku hawakusoma.

Na Kenya ni hivyo hivyo, Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera wakauawa watu 28, walimu wengi walikuwemo wanarudi makwao likizo ya Krismasi. Baada ya hapo walimu wa kutoka sehemu nyingine wakagoma kurudi kaskazini mashariki, na unamlaumuje mtu. Madarasa yalikuwepo na watoto walikuwepo. Kwa hiyo ukiona nchi inasema imelinda shule, uliza mwalimu analala wapi na anapanda basi gani.

---

Ticha_Kasulu

Dada mwalimu habari. Nilijitolea kufundisha kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kwa muda, sasa niko Korogwe. Ile kambi ipo tangu 1996, kuna watu wamezaliwa pale, wamesoma pale, na leo wana watoto wao wanasoma pale. Nilipofika nilikuwa na huruma nyingi na ujuzi kidogo, naomba nikupe nilichokosea ili usikosee.

Nilikosea kuwauliza. Nilidhani mtoto akisimulia anapona, kwa hiyo nilikuwa nawakalisha chini nawaambia niambie ilikuwaje. Mtoto mmoja wa kiume alinisimulia vizuri kabisa, halafu hakuja shule siku tisa. Usimwulize. Akitaka mwenyewe atasema, na mara nyingi atasema wakati hamko mezani, mnafagia, mnachota maji. Mpe karatasi na penseli achore, asipochora vita usimwulize mbona hujachora vita.

Mweke dawati ambalo anauona mlango. Sio nyuma kabisa, wala sio mbele watu wakiwa mgongoni kwake. Usimguse kwa nyuma hata kwa upendo. Kabla ya sauti yoyote kubwa mwambie, sasa kengele inalia, sasa wanaangusha mabati. Kengele ya shule kama ni lile rimu la gari linapigwa na nondo, hiyo sauti kwake sio kengele. Sisi tulifanya hivi, mtoto anayeshtuka na kengele tunampa yeye kazi ya kuigonga. Sauti ikitoka mkononi mwako unajua inaanza lini na inaisha lini.

Na ratiba usiivunje. Kama uji ni saa nne uwe saa nne. Watu wa nje wanadhani mtoto wa vita anahitaji mambo makubwa, mi nilichokiona anahitaji kujua baada ya Hisabati inakuja nini, na kesho pia itakuja hiyo hiyo. Kwa mtu aliyeishi miaka minne hajui usiku atalala wapi, kipindi cha pili kufuata cha kwanza ni kitu kikubwa sana.

La mwisho, Kireno chake usikiue. Nilipokuwa kambini watoto wa Kongo walikuwa wanafundishwa mtaala wa kwao kwa Kifaransa, na wa Burundi wa kwao, watu walikuwa wanauliza kwa nini wasisome wa kwetu tu. Sababu mojawapo ni kwamba siku wakirudi wasianze la kwanza wana miaka kumi na tano. Wewe huna mtaala wa Msumbiji lakini tafuta hata kitabu kimoja. Na weka rekodi yake mwenyewe, kila muhula alama zake, tarehe alizohudhuria, saini yako na muhuri. Sijui atakapoishi mbeleni, ila karatasi hiyo itamsaidia popote, nimewaona watu wakubwa wanalia kwa kukosa karatasi kama hiyo.

---

MzeeWaMjiMkongwe

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema yeye anabonyeza.

Nimesomewa habari hii nikacheka kwa furaha na machozi, maana mwalimu anauliza tufanye nini na mtoto wa Msumbiji Bagamoyo kana kwamba ndio wa kwanza. Mwanangu, Bagamoyo ilikuwa na shule nzima ya watoto wa Msumbiji. Miaka ya 1970 mwanzoni FRELIMO walikuwa na sekondari yao hapa hapa, wakati wao wanapigana na Mreno. Kwanza walikuwa na taasisi yao Dar es Salaam, mama Janet Mondlane ndiye aliyeiendesha, ikafungwa 1968, na baadaye sekondari ikawa hapa. Vijana wetu tulikuwa tunacheza nao mpira. Walikuwa wanalima asubuhi na kusoma, wanasoma na kulima, na wengine wakitoka shule wanakwenda mstari wa mbele, tunaagana nao leo kesho hawapo. Nchi yao ilipopata uhuru 1975 wakaondoka, tukaambiwa wengine wamekuwa wakubwa serikalini.

Na Wasauzi vivyo hivyo, baada ya watoto kupigwa risasi Soweto 1976 waliokimbia walijengewa shule Mazimbu, Morogoro, ile ya Solomon Mahlangu, serikali yetu iliwapa ardhi. Walisoma pale mpaka miaka ya tisini mwanzoni wakarudi kwao.

Sasa wakati ule hakuna aliyeuliza cheti cha kuzaliwa. Mtu alikuwa anakuja na suruali moja. Simlaumu mkuu wa shule, zama zimebadilika na yeye ana wakubwa zake, lakini mwalimu mwambie Bagamoyo inajua kazi hii, imeshaifanya. Na huyo bibi kama anaongea Kimwani mlete kwangu au kwa mke wangu, wazee wa pwani tunasikilizana, asikae ndani peke yake na mjukuu na woga. Mwenyeji wake mchonga vinyago bila shaka namfahamu, wako wachache.

---

Mkwaju_Magomeni

Mzee shikamoo. Hii ya FRELIMO mi nimezaliwa hapa na sikuwahi kuambiwa, si nyumbani si shuleni.

Sajenti nimekuelewa. Bado nina hasira ila nimekuelewa, hasa hiyo ya luteni. Mwalimu nina fundi wa kushona sare hapa, mtoto vipimo vyake nitumie inboksi nitampa sketi mbili na shati na sweta, na kitabu cha Kireno nitamwagiza jamaa yangu anayekwenda Mtwara kuchukua korosho.

---

BintiNgamiani

Mzee shikamoo, asante sana kwa hilo.

Mkwaju nirudi kwako kidogo kwa heshima zote, ulisema anayechoma shule hasomi kifungu. Ni kweli. Lakini tangu 2011 Baraza la Usalama kwa azimio namba 1998 liliamua kwamba jeshi au kundi linaloshambulia shule na hospitali mara kwa mara jina lake linaingia kwenye ile orodha ya kila mwaka ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, orodha ambayo mwanzo ilikuwa ya wanaotumia watoto vitani. Serikali hazipendi kuwemo humo kabisa, na ili kutoka inabidi zisaini mpango na umoja wa mataifa na ziutekeleze, zikaguliwe. Ili jina liingie lazima mtu aandike, shule ipi, tarehe ngapi, nani aliingia. Huyo mtu mara nyingi ni mwalimu wa kijijini. Ndo maana nasema karatasi zina kazi, na karatasi ya kwanza ni rejista ya mwalimu, humo ndo inaonekana tarehe fulani watoto walikuwa thelathini na nane na tarehe fulani hakuna.

---

MwalimuWaDunda

Nimerudi, samahani nimekawia, tulikuwa na mitihani ya nusu muhula.

Mshauri wa mgambo nilimwona kama Sajenti alivyonielekeza. Hakusema mengi, aliuliza mtoto ana umri gani, Jumatatu yake wakahamia kiwanja cha huku chini. Mzee, mkeo na bibi wameshakuwa mashoga, jana nimewakuta wanachambua dagaa barazani. Mkwaju sare zimefika, sketi moja imempwaya, nimeipunguza.

Nilisema nitamwuliza bibi kitu. Nilimwuliza, shule ya mtoto kabla haijachomwa palikuwaje. Akaniambia kabla ya siku ile kuna watu wa bunduki walilala pale kama siku nne, hakuniambia wa upande gani na mimi sikuchimba, walipikia madawati. Walipoondoka mwalimu wao akawaita watoto waje kufagia waendelee kusoma. Walisoma siku mbili. Ya tatu wakaja wengine.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa mbele ilibidi nimrudie. Nilimwambia nilikosea siku ile, kwamba shule ilikuwa imeingiziwa bunduki na watu wasio wanafunzi wala walimu, na ndiyo maana duniani kuna watu wanapigania isiingizwe. Akauliza, na sisi tukija kuingiziwa? Nikamwambia tutakataa. Akaandika kwenye daftari lake, sikumwambia aandike.

Ticha, kengele nimempa. Wiki ya kwanza alikuwa anagonga huku kafumba macho, moja tu, kidogo, madarasa ya mbali hawasikii. Leo saa nne ya uji kagonga tatu, la sita walitoka.

Kilichobaki ni ustawi. Tuna miadi kesho saa mbili asubuhi, mimi na bibi na yule ndugu yao mchonga vinyago, bibi amekubali kwa shingo upande akasema anakwenda kwa sababu mke wa mzee anakwenda naye. BintiNgamiani naomba hicho kifungu cha Sheria ya Wakimbizi nikiprinti usiku huu, na kama kuna namna ya kuandika barua ya kumtafuta mama mtoto kupitia Msalaba Mwekundu nielekeze, bibi analikumbuka jina lote na kijiji.